GEJI YA TABO INAPOLALA: MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUTOA FEDHA ZA CHAMA



Magari ya mizigo yanayopanda na kushuka katika miteremko ya Kilimanjaro, yawe ni mali ya chama cha msingi au ya kukodi, aghalabu huwa na injini za dizeli zenye tabo. Katika dashibodi za mengi kati ya magari hayo imo geji ndogo inayoonyesha mgandamizo wa hewa ambayo tabo inaisukuma kuingia katika injini. Geji hiyo inapoacha kufanya kazi, hutokea moja kati ya mambo mawili, na yote mawili huleta hasara.

Jambo la kwanza ni kupuuza. Dereva husema, "Gari linatembea, geji ni pambo tu," akaendelea na safari mpaka siku injini itakapounguza pistoni. Jambo la pili ni hofu. Fundi husema tabo imekufa, kamati huitishwa kwa haraka, na fedha za wanachama hununua tabo mpya, kumbe kilichoharibika ni kipande cha mpira chenye unene wa penseli. Makala haya yameandikwa ili katibu asiye fundi aweze kuuliza maswali yanayostahili, na ili dereva ajue la kutazama kabla ya kwenda gereji.

TABO NI NINI, NA KWA NINI NI MUHIMU MLIMANI

Injini huunguza dizeli kwa kutumia hewa. Hewa ikiwa chache, dizeli haiungui yote, nguvu hupungua na moshi mweusi hutoka. Tabo ni mashine yenye magurudumu mawili madogo yaliyofungwa katika mhimili mmoja. Gurudumu moja huzungushwa na moshi wa moto unaotoka katika injini. La pili, likizungushwa na mhimili huo huo, huvuta hewa kupitia chujio na kuisukuma kwa nguvu ndani ya silinda. Kwa njia hiyo moshi ambao ungepotea bure unafanywa kibarua. Ufumbuzi huu ulipewa hataza mwaka 1905, na mwenye nao alikuwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi.

Mlimani tabo ina kazi kubwa kuliko pwani. Kule Tanga au Dar es Salaam hewa ya kawaida ina mgandamizo wa karibu paundi 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Mjini Moshi umepungua hadi kiasi cha paundi 13, na katika ukanda wa migomba na kahawa, kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ni kiasi cha paundi 12 tu. Injini isiyo na tabo hupoteza huko karibu sehemu moja ya saba ya hewa yake, na nguvu zake hupungua kwa kiasi kama hicho. Ndiyo sababu gari lenye tabo nzima hupanda kwenda Marangu, Mwika, Kibosho au Machame na mzigo wa mbolea au saruji bila ya kunung'unika, na gari lile lile, tabo ikiwa imelegea, huzimika nguvu katikati ya mlima.

JINSI GEJI INAVYOPATA HABARI

Geji za tabo ni za namna mbili, na ni lazima kwanza kujua gari lenu lina ipi.

Namna ya kwanza ni geji ya mpira. Mpira au paipu nyembamba hutoka katika menifodi ya hewa, yaani mahali ambapo hewa iliyosukumwa huingia katika injini, ukapita ubavuni mwa injini, ukapenya ukuta wa kibini na kufika nyuma ya geji. Ndani ya geji mna mrija mwembamba wa shaba uliopindwa mfano wa mundu. Hewa yenye mgandamizo ikiingia, mrija huo hujaribu kunyooka, na kwa kunyooka kwake husukuma mshale. Mrija wa namna hiyo ulitengenezwa na Mfaransa Eugène Bourdon mwaka 1849, na hata leo hutumika katika geji za aina nyingi.

Namna ya pili ni geji ya umeme. Hapo mpira haufiki kibini. Kifaa kidogo cha kuhisi, kinachoitwa sensa, hufungwa kwenye menifodi, nacho hupeleka habari kwa waya. Geji hiyo inategemea fyuzi, plagi, waya na mahali waya wa ati ulipofungwa kwenye bodi. Katika magari mengi mapya sensa hiyo hutoa habari pia kwa kompyuta ya injini, ambayo kwa habari hizo hupima dizeli ya kuingiza.

Ukifungua boneti au kuinua kibini ukaona paipu nyembamba inayoelekea nyuma ya geji, ni ya mpira. Ukiona waya tu, ni ya umeme.

KWANZA HAKIKISHENI KWAMBA UPO UGONJWA

Geji nyingi hulaumiwa bure. Injini ikiwa inaunguruma polepole uwanjani, moshi wake ni mchache na tabo haisukumi kitu cha maana. Mshale kukaa kwenye sufuri hapo ni sawa kabisa. Vivyo hivyo katika kuteremka. Kwa desturi ya kazi yetu, kahawa hushuka na mbolea hupanda. Dereva anayeteremka kutoka Rombo au Old Moshi na magunia ya kahawa kuelekea kiwanda cha kukoboa mjini Moshi huwa ameondoa mguu kwenye pedali ya mafuta na kuiacha gia ishike gari. Wakati huo dizeli haiingii, na mshale hushuka hadi sufuri. Huo si ubovu.

Kipimo cha haki ni kupanda mlima ukiwa na mzigo, gia ikiwa ile ile na pedali ikiwa imekanyagwa vya kutosha. Kila chama na kichague mlima mmoja katika njia zake, na dereva aandike katika daftari la gari mshale ulifika wapi siku gari lilipokuwa zima. Magari mengi ya zamani huonyesha kati ya paundi 10 na 20 yakiwa kazini; mengi ya sasa hupita hapo. Kitabu cha gari ndicho hakimu. Geji nyingine huandikwa kwa bar: bar moja ni karibu paundi 14.5.

Zipo pia geji chache zinazohesabu pamoja na hewa ya kawaida inayotuzunguka. Geji ya namna hiyo haisimami kwenye sufuri hata injini ikiwa imezimwa. Ikiwa mjini Moshi itaonyesha karibu 0.9 ya bar. Mtu asiyejua hilo anaweza kuivunja akidhani mshale umekwama.

GEJI NDIYO MBOVU, AU TABO?

Hili ndilo swali linalookoa fedha. Jibu lake halipatikani kwenye geji peke yake, bali kwa kuitazama geji pamoja na nguvu za gari na moshi wake. Mambo yanaweza kuwa ya namna nne.

Kwanza: mshale haupandi, lakini gari linapanda mlima kama siku zote na moshi wake ni safi. Hapo tabo ni nzima. Kilichoharibika ni geji, mpira wake mwembamba, au umeme wake. Msinunue tabo.

Pili: mshale haupandi, gari limelegea, na moshi mweusi unatoka. Hapo geji inasema kweli. Dizeli inaingia lakini hewa haitoshi. Sababu inaweza kuwa chujio la hewa lililoziba, mpira mkubwa wa hewa uliopasuka au kuchomoka, au tabo yenyewe. Angalieni kwamba katika sababu hizo tatu, mbili za kwanza ni za gharama ndogo.

Tatu: mshale haupandi, gari limelegea, lakini moshi mweusi haupo. Hali hii huwapoteza mafundi wengi. Katika malori mengi ya dizeli pampu ya mafuta ina kopo dogo lenye kiwambo, ambalo nalo hupelekewa hewa ya tabo kwa mpira mwembamba. Kazi yake ni kuizuia pampu isimwage dizeli nyingi kabla hewa haijafika. Mpira huo ukikatika, kopo huamini kwamba hewa haipo, likabana dizeli, na gari likakosa nguvu bila ya moshi. Katika baadhi ya magari mpira wa geji na mpira wa kopo hutoka katika tundu moja, kwa hiyo tobo moja huua vyote viwili. Pia dizeli ikikosekana kwa sababu ya chujio la mafuta lililoziba, moshi wa kuzungusha tabo hupungua, na mshale hushuka ingawa tabo haina kosa. Katika magari yenye kompyuta, sensa ikiharibika kompyuta huweza kubana dizeli vivyo hivyo, na aghalabu taa ya onyo huwaka.

Nne: moshi ni wa rangi ya buluu, na oili ya injini inapungua kila siku. Hapo tabo yenyewe ina shaka, kwa kuwa oili inayolainisha mhimili wake huenda inavuja na kuungua. Hata hivyo injini iliyochakaa hutoa moshi huo huo. Fundi na athibitishe.

HATUA ZA UKAGUZI, KUANZIA ZILIZO RAHISI

Kabla ya yote gari lisimame mahali tambarare, breki ya mkono ifungwe na magurudumu yawekewe vigingi. Injini izimwe na kuachwa ipoe, maana nyumba ya tabo hupata joto la mamia ya nyuzi. Kamwe asiwepo mtu anayetia vidole katika mdomo wa tabo injini ikiwa inafanya kazi: gurudumu lake huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika, na katika tabo ndogo hupita laki moja.

1. Fuateni mpira mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Tazameni mahali unapopita karibu na ekzosi, kwani huyeyuka. Mahali unapogusa chuma chenye ncha, kwani hukatika. Na mahali unapopita chini ya kibini kinachoinuliwa, kwani hubanwa au kuvutwa kila kibini kinapofunguliwa. Gari lililokaa muda mrefu karibu na ghala la mahindi na likaguliwe kwa makini zaidi, maana panya hutafuna mipira. Kama mpira umeachia nyuma ya dashibodi, dereva husikia mluzi wa hewa ndani ya kibini wakati wa kupanda mlima.

2. Ukaguliwe kama umeziba. Mpira uchomolewe pande zote mbili, kisha upulizwe. Masizi, oili na maji hukusanyika ndani na kuuziba. Tundu dogo la kwenye menifodi nalo lisafishwe kwa waya mwembamba, injini ikiwa imezimwa, pasipo kusukuma uchafu ndani.

3. Geji ijaribiwe kwa pampu ya baiskeli. Unganisheni pampu na ncha ya mpira iliyokuwa kwenye menifodi, kisha sukumeni taratibu. Mshale ukipanda kila mnaposukuma, geji ni nzima. Sasa kunjeni mpira karibu na pampu na kuubana kwa vidole: mshale ukikaa mahali pale pale, hapana uvujaji, ukianguka, pakeni maji ya sabuni na kutazama povu litokee wapi. Onyo: msiunganishe geji na mashine ya kujazia upepo magurudumu ya lori. Upepo wake unaweza kupita paundi 100, nao utapasua mrija wa geji mara moja.

4. Kama geji ni ya umeme, anzeni na fyuzi. Kisha chomoeni plagi ya sensa, mtazame kama mna kutu, oili au matope, muisafishe na kuirudisha mpaka isikike inashika. Waya wa ati ukaguliwe pale ulipofungwa kwenye bodi, na kutu ikwanguliwe. Baada ya hapo fundi wa umeme apime kwa mita kama umeme unafika kwenye sensa. Sensa isinunuliwe kabla ya kipimo hicho.

5. Chujio la hewa litolewe. Vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi ni jembamba kama unga, na chujio lililojaa hulinyima gari pumzi. Lisipigwe chini wala kuoshwa kwa dizeli. Kama ni la karatasi na limechakaa, libadilishwe.

6. Mipira mikubwa na klempu zake zikaguliwe kutoka kwenye tabo hadi kwenye kipoza hewa, kama gari linacho, na kutoka hapo hadi kwenye menifodi. Mpira mkubwa mara nyingi hupasuka upande wa chini, usioonekana. Upapaseni kwa mkono. Mstari wa oili na vumbi lililogandamana huonyesha mahali hewa inapotokea. Mkumbuke kwamba injini ikiwa inaunguruma polepole mgandamizo haupo, kwa hiyo tobo linaweza kunyamaza uwanjani na kupiga kelele mlimani.

7. Mwisho, na ni mwisho kwa makusudi, tabo yenyewe. Injini ikiwa baridi na imezimwa, paipu ya kuingizia hewa itolewe na fundi aushike mhimili kwa vidole. Kuchezacheza kidogo upande kwa upande ni kawaida, kwa kuwa mhimili huelea katika oili. Lakini ukienda mbele na nyuma kwa namna inayohisika waziwazi, au gurudumu likigusa ukuta wa nyumba yake, au mabapa yake yakiwa yameliwa, tabo hiyo imechakaa.

MAANA YA MSHALE

Mshale ulio kwenye sufuri daima humaanisha mpira umekatika au kuziba, mrija wa geji umepasuka, au umeme haufiki. Mshale unaobaki juu hata injini ikizimwa humaanisha geji imekwama, au mpira umeziba na kuihifadhi hewa ndani. Mshale unaopanda kwa uvivu humaanisha mpira umeziba nusu. Mshale unaotetemeka humaanisha waya umelegea, au, katika geji ya mpira, kizuizi kidogo kinachotuliza hewa kimetolewa. Mshale unaopungua kidogo kidogo wiki baada ya wiki ni habari ya chujio au ya uvujaji unaokua. Na mshale unaopita kiasi cha kawaida usifurahiwe: yawezekana mlango mdogo unaopunguzia tabo moshi umekwama, na injini inabebeshwa zaidi ya uwezo wake. Dereva apunguze mwendo na mzigo, na gari liende kwa fundi.

Ikibidi gari lisafiri kabla mpira wa geji haujapatikana, tundu la menifodi lizibwe kwa kizibo cha chuma chenye nyuzi, si kwa kijiti wala tambara. Lakini kama ni lile linalopeleka hewa pia kwenye kopo la pampu, lisizibwe bila ya shauri la fundi.

WAJIBU WA KATIBU NA KAMATI

KNCU iliundwa mwaka 1933, na mkulima anayekabidhi kahawa yake kwa chama chake hufanya hivyo kwa imani. Gari linalosimama msimu wa mavuno humcheleweshea malipo, na spea iliyonunuliwa bila sababu hutoka katika mfuko ule ule. Kwa hiyo, kabla kamati haijaidhinisha ununuzi wa tabo, yafaa katibu apate majibu ya maandishi kwa maswali haya:

(a) Je, geji imejaribiwa kwa pampu, au kwa geji nyingine iliyo nzima?
(b) Je, mipira yote, myembamba na mikubwa, imekaguliwa, na ni nani aliyeikagua?
(c) Chujio la hewa na la dizeli yalibadilishwa lini?
(d) Mhimili wa tabo ulishikwa kwa mkono, na ulionekanaje?
(e) Kama tabo imekufa kweli, ni kitu gani kilichoiua?

Swali la mwisho ni zito kuliko yote. Tabo haifi bila sababu. Ikiwa iliuawa na oili chafu, au na paipu ya oili iliyoziba, au na vumbi lililopita katika chujio lililotoboka, basi tabo mpya nayo itakufa kwa njia hiyo hiyo. Tabo ya zamani irudishwe chamani na kuonyeshwa kwa kamati; isibaki gereji.

Madereva nao wakumbushwe desturi mbili zisizo na gharama. Baada ya kuwasha gari asubuhi, injini iachwe kidogo ili oili ifike kwenye mhimili kabla ya kukanyaga mafuta. Na baada ya kumaliza kupanda mlima na mzigo, injini isizimwe papo hapo, bali iachwe iungurume polepole dakika mbili au tatu, ili tabo ipoe huku oili ikiendelea kupita. Ikizimwa ghafla, oili iliyobaki huungua na kuwa masizi magumu kwenye mhimili.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Geji ya tabo iko pale ili kutuonyesha ufa ungali mdogo. Inapolala, iamsheni kwanza, muisikilize inavyosema, ndipo mfungue mfuko wa chama.